Ktisis: neno la viumbe na la waasisi wa miji

Katika orodha ya msamiati ambayo wanafunzi wangu wa Kigiriki cha Agano Jipya huikariri katika muhula wa kwanza, neno ktisis limewekewa maana mbili zinazotenganishwa na alama ya mkato tu: uumbaji, kiumbe. Nimelifundisha kwa miaka mingi katika chuo kidogo cha theolojia nchini Tanzania, kwa watu ambao wengi wao watakuwa wachungaji wa sharika za vijijini, na ambao watakihitaji Kigiriki chao Jumamosi usiku wanapoandaa mahubiri kuliko siku ya mtihani. Alama ile ya mkato imenifunza mambo mengi, kwa sababu kila darasa hufika mahali likauliza ni ipi hasa kati ya maana hizo mbili, na hakuna jibu moja linalofaa kila mahali neno lenyewe linapotokea.

Mwanzo huwa rahisi. Kigiriki huchukua shina la kitenzi na kulitia viambishi mwishoni: -sis kwa tendo, -ma kwa zao la tendo, -tes kwa mtendaji. Kutokana na krino, yaani kuhukumu, hupatikana krisis, krima na krites. Kutokana na poieo, yaani kufanya, hupatikana poiesis, poiema na poietes. Mwanafunzi aliyekua akisema Kiswahili hahitaji kubembelezwa ili alielewe jambo hili, maana yeye mwenyewe husema uumbaji, kiumbe na muumbaji bila kufikiri, na hufurahi kuona kwamba lugha ya Paulo nayo ina mpango unaofanana na huo. Kwa hiyo tunatarajia kwamba kutokana na ktizo, yaani kuumba, neno ktisis litakuwa uumbaji, ktisma kiumbe, na ktistes Muumba. Ktisma hutii kanuni: limo mara nne katika Agano Jipya, na mara zote ni kitu kilichoumbwa. Ktistes limo mara moja tu. Ktisis, ambalo limo mara 19, halitii.

Mfano ninaoutumia kila mwaka umo katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi. Katika aya ya 20 Paulo anasema kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika tangu ktisis ya ulimwengu, na hapo neno hilo linataja tendo la kuumba au wakati wa tendo hilo. Vitu vyenyewe vilivyofanywa anavitaja papo hapo kwa neno jingine, poiemata, ambalo Biblia ya Union Version imelitafsiri vizuri kuwa "kazi zake". Aya tano mbele, ktisis imekuwa kitu ambacho watu wanakisujudia badala ya kumsujudia yeye aliyekiumba. Mwandishi hajabadilika, hoja yake bado inaendelea, na maana ya neno imekwisha kuhama kutoka kwenye tendo hadi kwenye zao lake. Wanafunzi wenye bidii hukasirika kidogo wanapofika hapo, kwa kuwa walijitaabisha kukariri viambishi na sasa wanaona kanuni imewaangusha mapema namna hii. Huwaambia watazame neno tafsiri katika Kiswahili, ambalo hutaja kazi anayoifanya mfasiri na pia kitabu kinachotoka mikononi mwake, wala hakuna msomaji anayebabaika kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo tunapitia aya zote 19 moja baada ya nyingine, kazi inayochukua vipindi kadhaa, na ndipo wanafunzi wanapogundua kwamba wafasiri wa Union Version, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1952, hawakujifunga na neno moja la Kiswahili. Katika Marko 10:6 ktisis ni "kuumbwa ulimwengu". Katika Waebrania 4:13 ni "kiumbe". Katika Wakolosai 1:15 ni "viumbe vyote". Katika Waebrania 9:11, pale mwandishi anapoitaja hema isiyofanyika kwa mikono, ni "ulimwengu huu". Na katika 1 Petro 2:13, kwa mshangao wa darasa zima, ni "kila kiamriwacho na watu". Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba huo ni uzembe, na kwamba tafsiri nzuri ingeshika neno moja tangu Marko hadi Ufunuo. Mimi huwatetea wafasiri hao kwa moyo wote. Walisoma sentensi kwanza ndipo wakachagua neno, na hilo ndilo ninalojaribu kulifundisha kwa muda wote huu.

Marko 16:15 ina jambo lake la pekee. Wanafunzi wa Yesu wanaambiwa waihubiri Injili kwa kila ktisis, na Kiswahili kimeandika "kwa kila kiumbe". Mwanafunzi mmoja mcheshi aliwahi kuniuliza kama basi anapaswa kuwahubiria ng'ombe wa baba yake. Maana iliyokusudiwa, kwa maoni yangu, ni watu wote, na matumizi hayo yanajulikana vizuri katika Kiebrania cha marabi, ambamo neno la wingi briyot, yaani viumbe, lina maana ya watu tu: Hillel, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi, anakumbukwa kwa kuwahimiza wanafunzi wake wawe watu wa kuwapenda viumbe na kuwaleta karibu na Torati. Sisi tuna jambo la namna hiyo nyumbani kwetu, kwa kuwa neno halaiki, ambalo kwetu ni umati wa watu uwanjani, lilitoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni viumbe. Kijana yule aliposikia hivyo alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini halaiki huumbwa upya kila siku ya sikukuu ya taifa.

Lakini jambo lililobadilisha namna yangu ya kulifundisha neno hili halikutoka katika Agano Jipya. Lilitoka katika Kigiriki cha zamani zaidi, ambamo ktizo ni kitenzi cha watu wanaohamia mahali, wanaofanya makazi na kuasisi mji. Katika kitabu cha 20 cha Iliadi, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya, Ainea anamsimulia Akile nasaba yake, na anasema kwamba Dardano aliiasisi Dardania wakati mji mtakatifu wa Ilio ulikuwa bado haujajengwa katika nchi tambarare, na watu walikuwa wakiishi katika miteremko ya mlima Ida. Kitenzi kilichotumika ni hicho. Katika Odisea, utenzi mwingine wa Homer, Amfioni na Zetho ndio walioanza kuiasisi Thebe yenye malango saba, na kitenzi ni kile kile. Ukirudi nyuma zaidi, kwenye vibao vya udongo vya Pylos huko Ugiriki, vilivyookwa na moto ulioliteketeza jumba la mfalme karibu na mwaka 1200 kabla ya Kristo na ambavyo mwandiko wake ulifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, unakuta aina ya mashamba inayoitwa ki-ti-me-na, neno linalotoka katika shina hilo hilo. Basi kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajasema kwa Kigiriki kwamba Mungu aliziumba mbingu na nchi, shina hili lilikuwa katika mashamba, makazi na kuta za miji. Washairi wa Aleksandria hata walikuwa na fani nzima ya tungo zilizoitwa ktiseis, zilizosimulia jinsi miji ilivyoanza. Apollonius wa Rhodes alitunga kadhaa, na vipande vyake vichache vimesalia.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma vitabuni kabla ya kupata nafasi ya kwenda Kupro kwa kozi fupi juu ya Ukristo wa kale. Huko tulipelekwa kwenye magofu ya Kourion, mji uliokuwa juu ya jabali linaloitazama bahari, magharibi ya Limassol. Miongoni mwa magofu hayo yamo mabaki ya jumba linalojulikana kwa jina la Eustolios, lililojengwa karibu na mwanzo wa karne ya 5 pamoja na hamamu yake, baada ya mji kuteketezwa na matetemeko ya ardhi ya karne iliyotangulia. Sakafu za hamamu ni za mozaiki, yaani vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa ustadi, na katika chumba kimojawapo, si mbali na picha ya kwale, yupo mwanamke aliyechorwa kuanzia kifuani, mwenye macho makubwa yanayotazama pembeni. Mkononi ameshika fimbo ya kupimia yenye urefu wa karibu futi moja ya Kirumi, yaani sentimita 30 hivi, naye anaikagua kama fundi anayetaka kuhakikisha kwamba kipimo hakimdanganyi. Kando ya kichwa chake limeandikwa jina lake kwa herufi kubwa: KTISIS.

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko kiongozi wetu alivyopenda. Nilikuwa nimezoea kulitamka neno hilo pamoja na Paulo, huku nikiwaza juu ya nyota na bahari, na hapa lilikuwa na fimbo ya kupimia mkononi. Maandishi mengine katika sakafu za jumba hilo yanamsifu Eustolios kwamba, alipoona watu wa Kourion wamo katika dhiki baada ya utajiri wao wa zamani, hakuusahau mji wa wazazi wake, akaupa hamamu hizo na mahali pa kupumzikia palipokingwa na upepo. Mengine yanatangaza kwamba jumba hilo limezungushiwa ishara za Kristo badala ya mawe makubwa na chuma. Kwa hiyo huyu Ktisis ni tendo la kuasisi na ukarimu wa mwenye kuasisi vikiwa vimevaa sura ya mwanamke, na waliomchora walikuwa Wakristo waliomsoma Paulo kwa lugha yao wenyewe. Maana ya mji na maana ya mbingu na nchi zilikuwa zikiishi pamoja katika masikio ya watu hao hao bila kugombana. Mwanamke wa namna hiyo, mwenye kipimo hicho hicho mkononi, anaonekana pia katika mozaiki iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan huko New York, na Ktisis yupo tena katika sakafu ya kanisa la karne ya 6 huko Qasr Libya, kwa hiyo fundi wa Kourion hakuwa amebuni kituko chake mwenyewe.

Siku chache baadaye mama mwenye nyumba tuliyopanga alinieleza kwamba shemeji yake ni chtistis. Nilishtuka kusikia mtu akiitwa Muumba mezani, hadi alipoonyesha kwa mikono jinsi shemeji huyo anavyopanga matofali. Katika Kigiriki cha leo neno hilo ni fundi mwashi, na kujenga nyumba ni chtizo. Ktisis yenyewe bado hutumika katika Kanisa kwa maana ya viumbe vyote vya Mungu, kama inavyosikika kila tarehe 1 Septemba, siku ambayo Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli aliitenga mwaka 1989 kuwa ya kuviombea. Katika kiambo, hata hivyo, shina la neno limerudi kwenye mawe na saruji.

Nilirudi darasani nikiwa na picha ya mozaiki ile na shauku kubwa. Shauku hiyo ilikuwa na hatari yake, nami nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimesoma pande mbili za hoja ya kitaalamu inayohusu jambo hili. Upande mmoja yupo Werner Foerster, aliyeandika makala juu ya ktizo katika kamusi kubwa ya theolojia ya Agano Jipya iliyoanzishwa na Gerhard Kittel. Hoja yake ni ya kuvutia sana. Kigiriki kilikuwa na neno jingine la kumtajia muumba wa ulimwengu, demiourgos, yaani fundi, ambalo Plato alilitumia katika Timayo kwa yule anayeupanga ulimwengu kutokana na vitu vilivyokuwapo. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki hawakulipenda neno hilo la fundi, wakachagua ktizo, kwa sababu, asema Foerster, mwasisi wa mji hashiki mwiko wala hapangi tofali. Yeye huamua, na mji ukawapo. Hoja hii hupata nguvu zaidi ukikumbuka mahali ambapo kazi ya tafsiri ilianzia. Aleksandria uliasisiwa na Aleksanda mwaka 331 kabla ya Kristo, na mwanahistoria Arrian anasimulia kwamba mfalme alipotaka kuonyesha ukuta utapita wapi na hapakuwa na kitu cha kuchorea, walichukua unga wa shayiri uliobebwa na askari wakaumwaga chini kila alikoelekeza. Mfalme anatembea na kuonyesha, unga unamwagwa nyuma yake, na mji umeanza. Ni rahisi kuona kwa nini mhubiri angependa kuupachika mfano huo kwenye Mwanzo sura ya kwanza.

Kikwazo ni kwamba Mwanzo sura ya kwanza ya Septuaginta, yaani hiyo tafsiri ya Kigiriki ya Wayahudi, haina ktizo. Aya ya kwanza inasema epoiesen, "alifanya", kitenzi cha kawaida kabisa ambacho mtu angekitumia kwa kutengeneza meza. Ni Aquila, katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliyeweka ektisen, umbo la ktizo, mahali hapo katika tafsiri yake mpya. Katika Septuaginta ktizo lipo kwingineko, na mengine ya matumizi yake ni mazuri ajabu: Melkizedeki anamtaja Mungu aliyeziasisi, au kuziumba, mbingu na nchi, Zaburi ya toba inaomba "uniumbie moyo safi" kwa kitenzi hicho, na katika Walawi 16:16 hema ya kukutania inasemwa kuwa imefanywa, kwa shina hilo hilo, katikati ya watu, ambapo maana haizidi kupigwa kwa hema. Na ukifika Waebrania 11:10, aya pekee katika Agano Jipya ambamo Mungu anajenga mji wenye misingi, mahali ambapo kila mtu angetarajia neno la waasisi wa miji, mwandishi anamwita Mungu demiourgos. Union Version inasema "mwenye kuubuni na kuujenga ni Mungu". Neno la fundi limetumika kwa mji, na neno la mji limetumika kwa nyota. Sijaona aya nyingine inayowanyamazisha wanafunzi wangu kwa muda mrefu kama hiyo.

Upande wa pili yupo James Barr, Mskoti aliyetoa mwaka 1961 kitabu kilichoishambulia vikali namna hiyo ya kusoma. Alisisitiza kwamba historia ya neno si maana yake katika kila sentensi, na kwamba mtu hana haki ya kukusanya maana zote ambazo neno limewahi kuwa nazo na kuzimwaga zote kwa pamoja katika aya moja. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona Barr kuwa mtu mkavu aliyewaharibia wahubiri raha yao. Kadiri ninavyozeeka katika kazi hii ndivyo ninavyomshukuru, ijapokuwa sikubali kwamba historia ya neno ni ya kutupwa. Mwanamke wa Kourion alikuwapo kweli. Walioona sura yake na kusoma jina lake walikuwa wakisikia maana mbili. Swali linabaki kuwa ni aya gani inayotoa kibali, kwa maneno yaliyo ndani yake, cha kusikia maana ile ya pili.

Warumi sura ya 8 haitoi kibali hicho, lakini ndiyo aya iliyozaa mazungumzo marefu kuliko zote, na hayakuwa ya darasani. Nilialikwa kufundisha Biblia jioni katika usharika mmoja ulioko kwenye eneo kame, nikasoma kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja na vina utungu pamoja hata sasa. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima, aliniuliza, "Mwalimu, na ardhi nayo ni kiumbe?" Masikioni mwake, na mwangu pia nikisema kweli, kiumbe ni kitu chenye uhai: mtu, mnyama, mtoto aliye tumboni. Mlima hauitwi kiumbe katika maongezi ya kawaida. Nilimweleza kwamba katika aya ya 19 hadi ya 22 Paulo anatumia neno moja mara nne, nalo liko katika umoja, he ktisis, ambalo Kiswahili kimelazimika kulifanya wingi. Nilimweleza pia kwamba waliolisoma kwa Kigiriki na Kilatini nao hawakukubaliana. Augustino alilielekeza kwa mwanadamu mwenyewe, ambaye ndani yake zimo roho, nafsi na mwili. Yohane Krisostomo, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alilisikia kama ulimwengu wote unaoonekana, ambao Paulo anaupa nafsi na sauti kama manabii wanavyoipa mito makofi ya kupiga.

Mzee alisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba hahitaji Wagiriki kwa jambo hili, kwa kuwa Mwanzo 3:17 inasema "ardhi imelaaniwa kwa ajili yako", na Paulo naye anasema kwamba ktisis ilitiishwa si kwa hiari yake. Kitu ambacho hakikuchagua, alisema, hakiwezi kuwa Adamu. Sina hakika kama nimewahi kusikia hoja safi kuliko hiyo katika semina za wenye shahada. Niliongeza tu kwamba aya ya 23 inaanza na "wala si hivyo tu, ila na sisi wenyewe", maneno ambayo yasingekuwa na kazi kama sisi ndio tuliokuwa tukizungumzwa tangu mwanzo. Tangu siku hiyo nafundisha sura hiyo kwa kuanzia na swali la mzee, na Krisostomo hufuata nyuma yake.

Wagalatia 6:15 na 2 Wakorintho 5:17 nazipitia kwa haraka zaidi, ingawa wanafunzi hutaka kukaa hapo kwa kuwa ni aya za mahubiri. Katika Wakorintho Kigiriki hakina kitenzi wala mtenda upande wa pili wa sentensi: mtu akiwa ndani ya Kristo, ktisis mpya. Kiswahili kinadai kiambishi cha nafsi, na Union Version imeandika "amekuwa kiumbe kipya". Nadhani Paulo anapaza sauti juu ya jambo kubwa kuliko mtu mmoja, kama anavyoonyesha anapoendelea kusema kwamba ya kale yamepita, lakini sipigani na anayeisoma kwa namna nyingine, kwa maana hata yeye lazima akubali kwamba mtu huyo yumo ndani ya upya huo.

Ya Mithali 8:22 ni hadithi ya kanisa zima. Hekima inasema katika Septuaginta kwamba Bwana ektisen me, "aliniumba", na kwa kuwa Wakristo wa kwanza walimsikia Kristo katika sauti ya Hekima, Ario, kasisi wa Aleksandria, alikuwa na andiko mkononi la kudai kwamba Mwana aliumbwa. Mzozo huo ulifika Nisea mwaka 325, na Athanasio, mpinzani wake, alitumia kurasa nyingi kulieleza neno hilo moja. Watafsiri wengine wa Kigiriki waliandika ektesato, "alinipata", vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa herufi chache tu, na Union Version imepita njia yake yenyewe: "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake." Katika darasa langu kipindi hiki ndicho chenye kelele nyingi, na ndicho ninachokiacha kwa mwalimu wa historia ya Kanisa mapema niwezavyo.

Nirudi kwa Petro, kwa sababu huko ndiko ninakoona kibali nilichokuwa nikikitafuta. Waraka wake wa kwanza unasema watu wajitiishe chini ya kila ktisis ya kibinadamu, kisha unataja mfalme na maliwali. Wapo wanaosoma "kila mwanadamu aliyeumbwa", na hiyo inawezekana kisarufi. Mimi naelekea kwenye kitu kilichoasisiwa miongoni mwa watu, ambacho Kiswahili cha leo kingeweza kukiita asasi, kwa sababu mfalme na maliwali wanaofuata ni vyeo. Sura mbili mbele, waraka huo huo unatumia neno ktistes, mara ile moja tu katika Agano Jipya lote: wanaoteswa "wamwekee amana roho zao" Muumba mwaminifu. Waandikiwa walikaa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, nchi za miji ya Kigiriki chini ya Warumi, na katika miji ya namna hiyo neno ktistes lilichongwa katika mawe ya hadharani kuwasifu watawala. Pompeyo, jemadari wa Kirumi, aliitwa mfadhili, mwokozi na ktistes huko Mytilene, mji uliokuwa umesimama kwa karne nyingi kabla hajazaliwa, kwa kuwa aliurudishia uhuru wake. Na baada ya nyakati za Agano Jipya madhabahu nyingi za Athene zilimwita Kaisari Hadrian mwokozi na ktistes. Watu waliozoea kulisoma neno hilo juu ya mfalme, wanapoambiwa kwanza wajitiishe chini ya ktisis ya kibinadamu na kisha wamkabidhi amana ktistes aliye mwaminifu, wana sababu ya kusikia mji ndani yake.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, aliyekuwa amesoma kwa makini kuliko nilivyotarajia, alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, samahani, hatumhitaji Pompeyo." Akasoma Yoshua bin Sira 24:8, ambapo Mungu ni ktistes wa vyote, na 2 Wamakabayo 1:24, ambapo sala inamwita hivyo hivyo. Wayahudi wanaosema Kigiriki, alisema, walikuwa wamemwita Mungu kwa jina hilo muda mrefu, na Petro alilitoa katika sala zao. Nilimjibu kwamba waraka unawazungumzia wasomaji wake kama watu waliowahi kuishi kwa namna ya Mataifa, wenye sanamu na karamu zao, kwa hiyo wengi wao walilisikia neno hilo sokoni kabla ya kulisikia katika sala. Hakukubali. Katika insha yake ya muhula aliandika kwamba mtu anaposali hutumia maneno ya wale waliomfundisha kusali, na kwamba Mataifa hao walifundishwa kusali na Wayahudi, mmojawapo akiwa Petro mwenyewe.